UWANJA WA SINGIDA: TUPIGE HESABU KABLA YA KUPIGA NGOMA



Liko jambo ambalo watu wengi hulisema kwa sauti kubwa na wachache hulitia katika mizani, nalo ni ujenzi wa viwanja vya mpira. Kila mji sasa wautaka uwanja wake, na kila mkubwa apandaye jukwaani huahidi majukwaa mengine. Sisi hatuna ugomvi na mpira. Siku ya mchezo duka letu hufungwa mapema kama yafungwavyo ya wenzetu. Lakini sisi ni watu wa meza na mizani, na wahenga wamekwisha kutuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari. Leo twataka kulifungua daftari la uwanja mmoja, nao ni Uwanja wa Liti wa Singida, ambao wengi bado huuita kwa jina lake la zamani, Namfua.

Pengine mtu atauliza: Watu wa visiwani wana nini na Singida, mji ulio karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam? Jawabu letu ni fupi. Vitunguu vya Singida, asali yake na mafuta yake ya alizeti hufika mpaka madukani mwetu, na mteja huviulizia kwa jina. Mwezi wa Juni 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi ilichezwa hapa Unguja, katika uwanja wa Amaan, baina ya Yanga na Singida Black Stars, na watu wetu walijaa kuitazama. Na kubwa kuliko hayo yote ni kwamba hesabu ya Singida ndiyo hesabu ya Amaan, ya Gombani na ya Fumba. Ajifunzaye kwa mwenzake hupata elimu bila ya kulipa ada.

TIMU HUHAMA, UWANJA HAUHAMI

Hoja ya kwanza ya wanaotaka Liti ijengwe upya ni kwamba Singida ina timu kubwa na timu kubwa yataka uwanja mkubwa. Na tuitazame hoja hiyo kwa miaka yake.

Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu. Msimu ulipoanza, Namfua ilikuwa katika matengenezo, na timu ikacheza michezo yake ya nyumbani ya mwanzo huko Dodoma. Ikamaliza msimu katika nafasi ya tano, ikafika na fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, iliyochezwa Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mji mzima ulisherehekea. Mwaka 2020 timu hiyo hiyo ikashuka daraja. Mwaka 2022 likaja jina la Singida Big Stars. Mwaka 2023 jina likageuka, ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamia Babati, mkoa wa Manyara, na jina la Singida ikaliacha nyuma. Mwaka huo huo Ihefu, iliyokuwa timu ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya, ikaletwa Singida ikaitwa Singida Black Stars.

Basi katika muda usiozidi miaka minane mji mmoja umeona majina manne, wengine wakija na wengine wakihama. Sisi hatuwalaumu wenye timu. Timu ni mali yao, na mwenye bidhaa huipeleka kwenye soko alitakalo. Lakini je, yuko mfanyabiashara mwenye akili atakayejenga ghala la mawe kwa ajili ya mteja mmoja ambaye amekwisha kuhama mara mbili? Tena Singida Black Stars imejipatia uwanja wake mwenyewe, uliozinduliwa mwezi wa Machi 2025 kwa mchezo na Yanga, na ukapewa jina la kampuni ya simu ya Airtel. Asemaye kuwa Liti ijengwe kwa ajili ya timu, na atwambie kwanza ni timu ipi.

HESABU YA MLANGONI

Hoja ya pili ni ya tikiti. Wasema kuwa uwanja ukijengwa vizuri watu watajaa, na fedha za mlangoni zitalipa gharama. Na tupige hesabu. Viwango tutakavyovitumia ni vya mfano tu, na kila msomaji ana khiari ya kuweka vyake, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu hucheza michezo 30, na katika hiyo 15 tu ndiyo ya nyumbani. Yaani katika siku 365 za mwaka, uwanja hufanya kazi siku 15 na hulala siku 350. Duka gani la ulimwengu huu hufunguliwa siku 15 kwa mwaka likapata faida?

Katika michezo hiyo 15, miwili ndiyo mikubwa, wa Simba na wa Yanga. Tuseme katika kila mmoja wameingia watu 10,000 kwa tikiti ya shilingi 5,000. Hapo pana shilingi milioni 50, na kwa michezo miwili ni milioni 100. Michezo 13 iliyobaki tuseme huingia watu 1,000 kwa shilingi 3,000. Jumla yake ni milioni 39. Mwaka mzima mlangoni pamepatikana shilingi milioni 139. Lakini fedha hizo si za uwanja. Iko kodi, wako wasimamizi wa ligi, wako waamuzi, iko timu yenyewe. Tuseme uwanja umepewa ushuri, yaani sehemu moja katika kumi. Hupata shilingi milioni 13 na laki tisa.

Sasa tuseme ujenzi umegharimu shilingi bilioni 10, ambazo kwa viwanja vya siku hizi ni fedha ndogo. Ukigawa bilioni 10 kwa milioni 13 na laki tisa, utapata zaidi ya miaka 700. Nabii Nuhu kwa umri wake angaliufikia mwisho wa deni hilo. Sisi wengine hatumo.

Na msomaji asidhani kuwa bilioni 10 tumezikuza ili kumtisha. Uwanja wa watu 30,000 unaojengwa Arusha kwa ajili ya michuano ya Mataifa ya Afrika ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuiandaa mwaka 2023, ulitangazwa kwa mkataba wa shilingi bilioni 286. Gawa kwa viti 30,000: kila kiti kimoja ni shilingi milioni tisa na nusu. Kwa kiasi hicho, Singida ikitaka uwanja wa watu 10,000 tu, itahitaji shilingi bilioni 95. Kwa fedha hizo twajua wenyewe ni visima vingapi vingechimbwa katika nchi kavu kama ile.

Watetezi watasema tena kuwa uwanja bora huleta michezo ya Afrika. Kweli, Septemba 2025 Singida Black Stars ilipocheza na Rayon Sports ya Rwanda katika Kombe la Shirikisho la Afrika, mchezo wake wa nyumbani ulichezwa Chamazi, Dar es Salaam, na wageni hawakuiona Singida. Jambo hilo lauma, nasi twalikubali. Lakini michezo ya namna hiyo ni michache kwa mwaka, na haipatikani kila mwaka. Mtu hajengi msikiti wa Ijumaa kwa ajili ya sala ya Idi peke yake.

SHILINGI YA MGENI NA SHILINGI YA MWENYEJI

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi majukwaani: kwamba uwanja huamsha biashara ya mji mzima. Mama lishe watauza, nyumba za wageni zitajaa, bodaboda watapata abiria. Hapa pana ukweli, na pana udanganyifu mdogo uliojificha ndani ya ukweli.

Sisi wenye maduka twaujua udanganyifu huo kwa kuuona kila mwezi. Mtu wa mjini aliyenunua tikiti Jumamosi hakuokota fedha hiyo barabarani. Ni ile ile aliyokuwa anunulie sukari, kiberiti au viatu vya mtoto. Mlango wa uwanja umepata, meza ya duka imekosa, na mji haukuzidi senti moja. Wataalamu wa uchumi wa Marekani, nchi iliyotumia fedha za umma katika viwanja kuliko nyingi, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wengi wao wamefika hapo hapo: manufaa ya uwanja kwa uchumi wa mji huwa madogo kuliko yaliyoahidiwa, kwa sababu fedha nyingi hugeuza njia tu.

Fedha iliyo mpya ni ya mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa Singida ina bahati ambayo miji mingi haina, kwani imekaa njia panda: barabara ya Dodoma kwenda Nzega na Mwanza hupita hapo, na barabara ya Babati na Arusha huanzia hapo. Mgeni yupo tayari. Kinachotakiwa ni kumpa sababu ya kulala usiku mmoja. Lakini sababu hiyo yaweza kuwa mashindano ya shule, mbio za mkoa au maonyesho ya wakulima, na hayo hayahitaji viti vya milioni tisa.

WALIOKOPA KABLA YETU

Kukopa harusi, kulipa matanga. Na waliokopa kwa ajili ya viwanja si maskini peke yao.

Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mojawapo ya vyuo vitukufu vya dunia, kina uwanja wa mpira wa Kimarekani uliokaa juu ya ufa wa ardhi ya tetemeko. Walipoamua kuujenga upya, ukafunguliwa tena mwaka 2012, gharama ilizidi dola milioni 300, nyingi zake zikiwa za mkopo. Mpango wao ulikuwa mzuri kwenye karatasi: watauza haki ya viti kwa matajiri kwa muda wa miongo kadhaa, na fedha hizo zitalipa deni. Wanunuzi hawakufika idadi iliyotarajiwa. Baadaye chuo chenyewe kikalazimika kuubeba mzigo ambao idara ya michezo haikuuweza. Haya yametokea kwa wenye maprofesa wa hesabu na wa uchumi. Sisi, ambao chuo chetu kilikuwa cha ubao na juzuu, tulifundishwa tangu utotoni kwamba deni la muda huandikwa na hushuhudiwa. Mwenye kuandika deni kwa matumaini peke yake hakuandika kitu.

Na kusini mwa Afrika, mji wa Cape Town ulijenga uwanja mkubwa kwa Kombe la Dunia la 2010. Kombe lilidumu mwezi mmoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo baraza la mji lilikuwa likitoa fedha ya kuutunza.

Hapa karibu kwetu, Kampala, uwanja wa Nakivubo ulibomolewa mwaka 2017 na kufunguliwa tena mwaka 2024, baada ya tajiri binafsi kuujenga na kuuzungushia maduka. Huyo alijua fedha iko wapi. Lakini mabishano marefu yalizuka juu ya ardhi ile ya umma na nani hasa mwenye haki nayo. Mfano huu una mafunzo mawili: kwamba duka hulipa kuliko lango, na kwamba asiyeandika mapema mali ni ya nani huja kugombana baadaye.

MALI HII NI YA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Uwanja wa Liti ni mali ya Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya miji ya Bara. Katika siku za chama kimoja, raia walichangishwa na kujitolea bila ya kuulizwa kadi, kwani chama kilikuwa ni hicho kimoja na nchi ilikuwa ni hiyo moja. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, viwanja vikabaki mikononi mwa chama kilichokuwapo.

Msomaji atasema: hapo ndipo mlipokuwa mwapataka, nyinyi watu wa upinzani. La, bwana wee. Lau uwanja huo ungalikuwa wa chama chetu sisi, maneno yetu yangalikuwa haya haya, kwa sababu ni maneno ya hesabu. Mpangaji aliyetia sakafu na rangi katika duka la mwenyewe hajaongeza mali yake, ameongeza mali ya mwenye nyumba. Mwakani hupandishiwa kodi kwa uzuri alioutia yeye. Serikali ikitia fedha za raia katika uwanja usiokuwa wa raia, itakuwa imefanya hivyo hivyo, na hakuna mkaguzi atakayeweza kusema faida imekwenda wapi.

Njia ziko tatu, na zote ni za haki. Ya kwanza, uwanja ukabidhiwe Manispaa ya Singida, kama Kaitaba ya Bukoba ilivyo ya manispaa yake. Nayo Kaitaba ilipata nyasi bandia kwa msaada wa FIFA. Ya pili, chama kiukodishe kwa manispaa kwa mkataba wa miaka mingi, ulioandikwa na kusajiliwa, wenye kodi ya jina tu. Ya tatu, chama kiujenge kwa fedha zake chenyewe, na hapo sisi hatuna neno. Njia ya nne, ya kuchanganya fedha ya umma na hati ya chama, hiyo ndiyo tunayoikataa.

UWANJA UNAOLIPA

Je, twasema Liti iachwe ivunjike? Hasha. Twasema ijengwe kwa kipimo cha mfuko wake.

Na turudi kwenye daftari. Tuseme ukuta wa uwanja umezungushiwa fremu 60 za maduka, kila moja kwa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni milioni 9, kwa mwaka milioni 108. Hiyo ni karibu mara nane ya ushuri wa tikiti tuliouhesabu juu. Haijali kuwa Simba amekuja au hakuja, na haishuki daraja. Tuwe wakweli: wapangaji wakijenga kwa fedha zao, kama ilivyo desturi, watakatiwa kodi mpaka warudishe rasilmali yao, na miaka ya mwanzo haitakuwa na kitu. Lakini baada ya hapo, nusu ikitumika kwa maji, umeme, mlinzi na matengenezo, itabaki milioni 54 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni milioni 540. Hicho ndicho kipimo cha ujenzi ambao uwanja waweza kujilipia wenyewe. Kila shilingi iliyozidi hapo ni ruzuku ya raia, na itajwe hivyo hadharani, isiitwe biashara.

Ruzuku si haramu. Shule haina faida ya fedha na twaijenga. Lakini anayetaka ruzuku aseme ni kwa ajili ya nani. Nasi twasema iwe kwa ajili ya watoto.

Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha iamue. Tanzania haikupata kushinda dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kabla ya siku hiyo. Mkoa uliozaa mtu kama huyo wahitaji nini zaidi: kiti cha mgeni mheshimiwa kinachokaliwa siku 15, au njia ya kukimbilia iliyo sawa, yenye udongo ulioshindiliwa vizuri, inayotumika kila asubuhi na wanafunzi wa shule, na wa Taasisi ya Uhasibu yenye kampasi yake mjini hapo, na kila mtoto mwenye miguu? Njia ya namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya majukwaa.

Kwa nyasi pia twashauri tahadhari. Singida ni nchi ya ukame, na nyasi za asili hutaka maji ya kila siku. Nyasi bandia hazitaki maji mengi, lakini nazo huchakaa, na baada ya miaka minane au kumi hung'olewa zikatandikwa nyingine. Basi asiyeweka akiba tangu mwaka wa kwanza asizinunue.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, ijulikane kwa maandishi mali ni ya nani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Pili, hesabu ya ujenzi na ya mapato ibandikwe ukutani pa manispaa, kila raia aisome. Tatu, kazi ianze kwa ukuta na maduka, kisha vyoo, maji na vyumba vya wachezaji, kisha njia ya mbio, na majukwaa yawe ya mwisho, kila hatua ikilipiwa na iliyotangulia kadiri iwezekanavyo. Nne, siku za wanafunzi ziandikwe ndani ya mkataba, zisiwe za hisani ya mtu.

Na haya twayasema kwa Singida huku macho yetu yako Unguja na Pemba. Amaan ilifunguliwa upya mwezi wa Desemba 2023, nasi twafurahi kuiona inang'aa usiku. Lakini furaha haimzuii mtu kuuliza bei, na taa ziking'aa, iko siku bili ya umeme huletwa. Raia wa Singida na raia wa visiwani wana haki moja, nayo ni kuionyeshwa bili hiyo kabla haijawafikia watoto wao.

Wenyeji wa Singida wakilisikia jina la Liti humkumbuka Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani, na masimulizi yasema kuwa aliwatumia nyuki. Nyuki ni mdudu mwenye hesabu: hujenga kwa kiasi cha asali aliyonayo. Wanaotaka kuujenga uwanja wenye jina hilo na waanze kwa kuihesabu asali.